Protini safirishi za utando wa seli hushikaje mzigo wake bila kuung'ang'ania?

Swali la Mwanafunzi_Biokemia

Salaam kwenu nyote. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya biokemia, na kuna jambo katika mada ya usafirishaji kupitia utando wa seli ambalo nimelisoma katika vitabu viwili vitatu bila kuridhika. Vitabu hivyo husema kwamba protini safirishi huitambua molekuli yake kama kufuli linavyoutambua ufunguo, kisha huipitisha upande wa pili. Maelezo hayo hukubalika nikiifikiria GLUT1, protini inayoingiza glukosi katika chembe nyekundu za damu. Takwimu zinazonukuliwa mara nyingi zinaonyesha kwamba kwa D-glukosi hufikia nusu ya kasi yake ya juu katika ukolezi wa takriban milimoli 1.5 kwa lita, ilhali kwa L-glukosi, ambayo ni taswira yake ya kioo, ukolezi unaohitajika unapita milimoli 3,000. Protini hiyo inachagua kwelikweli.

Hata hivyo, ushikaji wa kiwango cha milimoli ni dhaifu mno ukilinganishwa na ule wa kingamwili au wa vipokezi vingi vya homoni, ambavyo hushika katika kiwango cha nanomoli (nanomoli ni sehemu ya milioni ya milimoli, na kadiri ukolezi unaohitajika ulivyo mdogo ndivyo mshiko ulivyo wa nguvu). Isitoshe, sitokalasini B, kemikali itokayo kwa kuvu, huishika GLUT1 kwa nguvu inayozidi ile ya glukosi mara maelfu, lakini haibebwi kwenda popote. Je, protini inawezaje kuchagua kwa ukali huku ikishika kwa ulegevu? Na kama kushika ndiko kutambua, kwa nini kinachoshikwa kwa nguvu zaidi ndicho kisichosafirishwa?

Jibu la Mzee_wa_Maabara

Ndugu mwanafunzi, swali lako limefika mahali ambapo mfano wa kufuli na ufunguo hauwezi kutupeleka mbele. Kufuli hubaki vilevile ufunguo ukiingia na ukitoka; protini safirishi haibaki vilevile, na mabadiliko yake ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1957 Peter Mitchell alikwisha kupendekeza kwamba mahali pa kushikia mzigo hufunguka upande mmoja wa utando, kisha upande mwingine, na mwaka 1966 Oleg Jardetzky aliliweka wazo hilo katika umbo tunalolifundisha hadi leo: kuwe na shimo katikati ya protini linalotosha mzigo, protini iwe na maumbo mawili ambayo kila moja hulifungua shimo hilo upande mmoja tu, na nguvu ya kushika iweze kutofautiana kati ya maumbo hayo. Mahali pa kushikia hapahami kutoka nje kwenda ndani. Katika familia nyingi mzigo hukaa karibu na katikati ya unene wa utando, na kinachosogea ni kuta zinazouzunguka.

Tuangalie mfano unaojulikana vizuri. LacY ni protini ya bakteria Escherichia coli inayoingiza laktosi pamoja na protoni moja. Ina asidi amino (viungo vidogo vinavyounda protini) 417 zilizojikunja katika heliksi, yaani misokoto, 12 zinazopita ndani ya utando, na mwaka 2003 kundi la Ronald Kaback na So Iwata lilichapisha muundo wake. Laktosi ni galaktosi iliyoungana na glukosi, lakini LacY huitambua karibu kabisa kwa upande wa galaktosi. Arijinini ya nafasi ya 144 na asidi glutamiki za nafasi ya 126 na 269 huyashika makundi ya haidroksili ya galaktosi kwa bondi za hidrojeni, na triptofani ya nafasi ya 151 hulaza bapa la pete zake sambamba na pete ya sukari. Upande wa glukosi wa molekuli hiyohiyo haushughulikiwi sana, na glukosi ikija peke yake haitambuliwi. Tazama jinsi uchaguzi ulivyo wa kijiometria: galaktosi na glukosi hutofautiana kwa mwelekeo wa haidroksili moja tu, ile ya kaboni ya nne, na mwelekeo huo unatosha.

Sasa nije kwenye ulegevu. Sukari iliyo majini haiko tupu, kwa kuwa kila haidroksili yake tayari imeshikana na molekuli za maji kwa bondi za hidrojeni. Ili iingie katika shimo la protini, lazima iyaache maji hayo, na shimo lazima litoe maji yaliyokuwamo, kwa hiyo bondi mpya zinalipa kwanza gharama ya bondi zilizovunjwa. Faida inayobaki ni ndogo, na ndiyo maana ushikaji wa sukari huwa wa kiwango cha milimoli hata pale muundo unapoonyesha bondi nyingi nzuri. Uchaguzi, kwa upande wake, haupimwi kwa faida hiyo bali kwa tofauti kati ya sukari mbili. Chukua takwimu zako: uwiano wa 3,000 kwa 1.5 ni mara 2,000, na katika joto la mwili tofauti hiyo ni sawa na karibu kilojuli 20 kwa moli, yaani thamani ya bondi mbili tatu za hidrojeni zilizokaa vizuri. L-glukosi inazikosa bondi hizo kwa sababu haidroksili zake zinaelekea kusiko. Protini inaweza, basi, kuwa na mkono mlegevu na jicho kali kwa wakati mmoja bila mkanganyiko wowote.

Ulegevu wenyewe una sababu ya hesabu. Molekuli ndogo na protini haziwezi kukutana kwa kasi inayozidi ile ambayo mtawanyiko majini unairuhusu, ambayo kwa makadirio mazuri ni milioni 100 kwa sekunde kwa kila moli moja kwa lita. Ukizidisha kasi hiyo kwa ushikaji wa nanomoli moja, unapata kasi ya kuachia ya mara 0.1 kwa sekunde, maana yake mzigo hukaa wastani wa sekunde kumi kabla ya kuachiwa. GLUT1 hupitisha mamia ya molekuli za glukosi kila sekunde. Ingekuwa inashika kwa nanomoli, damu ingekuwa imejaa sukari na seli ina njaa. Na kwa kuwa glukosi ya damu ya mtu mwenye afya aliyefunga usiku kucha ni kama milimoli 4 hadi 5.5 kwa lita, ushikaji wa kiwango cha milimoli unalingana na hali halisi: shimo hujaa kwa sehemu kubwa, lakini halizibwi.

Jibu la Nusu_ya_Kasi

Naomba kuongeza tahadhari moja kwa maelezo mazuri ya Mzee. Ukolezi unaoleta nusu ya kasi ya juu si kipimo safi cha nguvu ya kushika. Ndani yake kuna kasi ya kuingia, ya kutoka, ya protini kugeuka ikiwa imebeba, na ya kurudi ikiwa tupu. Hesabu ya kilojuli 20 ichukuliwe kama makadirio ya mzunguko wote, isichukuliwe kuwa nishati ya shimo peke yake.

Jibu la Mwanafizikia_wa_Utando

Tahadhari hiyo ndiyo inayofungua sehemu ya pili ya swali, ile ya kitu kinachoshikwa kwa nguvu bila kubebwa. Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni LeuT, protini ya bakteria Aquifex aeolicus anayeishi katika maji ya moto sana, ambayo muundo wake ulichapishwa na kundi la Eric Gouaux mwaka 2005 kwa ubora wa picha wa angstromu 1.65 (angstromu ni sehemu ya bilioni kumi ya mita). Kwa protini ya utando hiyo ilikuwa picha safi mno: ilionyesha molekuli moja ya leusini na ioni mbili za sodiamu zikiwa zimefungiwa ndani, bila njia ya kutokea upande wowote.

Mambo mawili katika picha hiyo yanastahili kukaziwa macho. La kwanza ni kwamba heliksi ya kwanza na ya sita zimefumuka katikati, hasa pale leusini ilipo. Heliksi iliyokamilika hutumia oksijeni na naitrojeni za uti wake kujishikilia yenyewe, lakini ikifumuka makundi hayo hubaki wazi na yanaweza kushika mzigo na ioni. Maeneo yaliyofumuka pia ni maungio, hivyo sehemu inayoshika mzigo ndiyo hiyohiyo inayopinda protini inapogeuka. La pili ni kwamba mojawapo ya ioni mbili za sodiamu inagusana moja kwa moja na kundi la kaboksili la leusini. Mzigo ni sehemu ya makao ya ioni, na ioni ni sehemu ya makao ya mzigo, kila kimoja kikiimarisha ushikaji wa mwenzake. Hapo ndipo unapoona, kwa macho, jinsi mteremko wa sodiamu, yaani tofauti ya wingi wake kati ya pande mbili za utando, unavyoweza kulipia upandishaji wa asidi amino kutoka mahali ilipo chache kwenda mahali ilipo nyingi.

Mwaka 2008 kundi hilohilo lilijaribu asidi amino nyingine, na matokeo yake yanajibu swali lako karibu neno kwa neno. Leusini hushikwa kwa nguvu sana, katika kiwango cha makumi ya nanomoli, lakini husafirishwa polepole. Alanini, ambayo ni ndogo na hushikwa kwa nguvu pungufu, husafirishwa vizuri zaidi. Triptofani nayo huingia katika shimo lilelile, ila pete zake kubwa huzizuia kuta zisikaribiane, na protini hubaki imefunguka upande wa nje ikiwa na mzigo usiokwenda popote. Triptofani imeshikwa ila haibebwi, kwa hiyo kwa LeuT ni kizuizi.

Uchaguzi, basi, una hatua mbili. Kwanza molekuli huingia ikakaa, kisha protini hujaribu kufunga malango yake juu ya molekuli hiyo. Mzigo wa kweli ni ule ambao uwepo wake hurahisisha kufunga, kwa kuwa bondi zake zinakamilika vizuri zaidi wakati protini iko njiani kati ya maumbo mawili kuliko inapokuwa imetulia katika mojawapo. Sehemu ya nishati ya kushika, ambayo ingeonekana kama mshiko mkali, hutumika kuisogeza protini, na kinachobaki kupimwa kwa nje ni mshiko hafifu. Kizuizi hakifanyi malipo hayo. Sitokalasini B hukaa upande wa ndani wa GLUT1, huishikilia protini katika umbo moja, na nishati yake yote huonekana kama nguvu ya kushika. Ukikuta molekuli inashikwa na protini safirishi kwa nguvu isiyo ya kawaida, shaka ya kwanza iwe kwamba imeizuia isigeuke.

Mwanafunzi_Biokemia

Nashukuru sana. Sasa naona kwamba nilikuwa ninauliza maswali mawili kana kwamba ni moja. Ninaomba ufafanuzi juu ya pampu: ile ya sodiamu na potasiamu hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili kwa kila molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli. Sodiamu ndani ya seli ni chache, kama milimoli 10 hadi 15 kwa lita, na nje ni kama 145. Je, pampu inaishikaje mahali ilipo chache, kisha inaiachiaje mahali ambapo imejaa tele?

Jibu la Mkemia_wa_Pwani

Hapa nguvu ya kushika lazima ibadilike katikati ya safari, na ATP ndiyo inayolipia badiliko hilo. Jens Skou aliielezea pampu hiyo mwaka 1957 huko Aarhus akitumia neva za kaa, akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Katika umbo la kwanza, lililofunguka kwa ndani, mashimo matatu yamezungukwa na oksijeni zilizokaribiana kiasi cha kuifaa sodiamu, ambayo nusu kipenyo cha ioni yake ni takriban angstromu 1.02. Sodiamu tatu zikiisha kukaa, ATP huachia kundi la fosfati kwa asidi aspatiki moja iliyo mbali na mashimo hayo, upande wa majimaji ya seli. Protini hupindika, mashimo hufunguka nje, na oksijeni zake husogea kiasi kidogo ambacho kwa ioni ni kikubwa: mpangilio mpya unaifaa potasiamu yenye angstromu 1.38, na sodiamu hukosa makao. Mawili kati ya mashimo matatu ni yaleyale, yakitumiwa kwa zamu na ioni mbili tofauti. Kuingia kwa potasiamu mbili huchochea fosfati iondoke, protini hurudi umbo la kwanza, na mpangilio wa oksijeni unaoikataa potasiamu huiachia ndani. Tofauti ya theluthi moja hivi ya angstromu, ikiongozwa na badiliko lililotokea mbali, ndiyo inayoamua nani ashikwe.

Pampu hii ina kizuizi ambacho wengi wa upande wetu wamekisikia kwa jina jingine. Msunguti, mti ambao Wagiriama na Wakamba wamekuwa wakichemsha vipande vyake kupata sumu ya mishale, una uabaini, nayo huingia kutokea nje ya seli na kujichomeka kati ya heliksi za pampu ikiwa katika umbo lenye fosfati. Haikai katika mashimo ya ioni, lakini inalishikilia umbo hilo hata pampu isiweze kumaliza mzunguko wake, na moyo hushindwa. Digoksini inayotumiwa hospitalini ni ya jamii hiyohiyo, na tofauti kati ya tiba na sumu ni kiasi cha pampu zilizozuiwa. Linganisha na alichosema Mwanafizikia juu ya mshiko mkali.

Jibu la Tabibu_Wilayani

Mimi si mtu wa miundo, lakini niongeze mfano wa wodini. Sukari katika ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari anaonyweshwa mgonjwa wa kuharisha, haipo kwa ajili ya kumpa mgonjwa nguvu tu. Katika utumbo mwembamba protini safirishi iitwayo SGLT1 hubeba ioni mbili za sodiamu pamoja na glukosi moja, na sodiamu ikikaa kwanza ndipo lango la nje hufunguka vizuri na glukosi ikashikwa ipasavyo. Robert Crane alilitoa wazo la usafirishaji huo wa pamoja mwaka 1960 katika mkutano uliofanyika Prague. Ndiyo sababu mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani liliupitisha mwaka 2002 una milimoli 75 za glukosi na milimoli 75 za sodiamu katika kila lita: kila kimoja kinamsaidia mwenzake kuingia, na maji hufuata. Ndiyo sababu pia mgonjwa wa kipindupindu hunufaika nayo hata anapoendelea kuharisha, kwa maana sumu ya kipindupindu haiigusi SGLT1.

Watoto wachache huzaliwa na kasoro katika protini hii, wakaharisha vibaya kwa glukosi na galaktosi, kutia ndani ile inayotokana na maziwa ya mama, ilhali fruktosi wanaivumilia, kwa kuwa hiyo hupita katika protini nyingine, GLUT5.

Jibu la Mtafiti_wa_Vimelea

Nimesubiri mada ifike kwenye malaria, na kwa kuwa haikufika nitaileta mwenyewe, maana kuna protini mbili za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, zinazofundisha jambo hili kuliko mifano mingi ya vitabuni.

Ya kwanza ni PfCRT, iliyoko katika utando wa kijifuko ambamo kimelea humeng'enya himoglobini. Klorokwini, dawa ya malaria, hujilimbikiza humo kwa sababu mazingira ni ya asidi: hupokea protoni mbili, hubaki na chaji chanya mbili, na haiwezi kupenya utando ikatoka. Katika vimelea visivyo sugu, PfCRT ina asidi amino lisini, yenye chaji chanya, katika nafasi ya 76, na chaji hiyo huisukuma klorokwini isikae ndani ya shimo. Katika vimelea sugu lisini hiyo imekuwa threonini isiyo na chaji. Muundo uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha shimo lenye kuta za chaji hasi, mahali panapoifaa dawa yenye chaji chanya, na protini ikaanza kuitoa dawa nje ya kijifuko. Kwa kawaida badiliko hilo huandamana na mengine ndani ya protini hiyohiyo, lakini hilo la 76 ndilo alama yake. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998 na Tanzania bara mwaka 2001, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kundi moja la chaji lililotoweka.

Kuna gharama pia. PfCRT huonekana kubeba peptidi fupi, yaani vipande vya protini, zinazotokana na himoglobini, na shimo lililobadilishwa ili kuibeba dawa huifanya kazi hiyo ya asili kwa ufanisi mdogo. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, na katika miaka iliyofuata vimelea visivyo sugu vilirudi kutawala, kwa kuwa pasipo dawa wenye shimo la zamani walikuwa na nafuu.

Ya pili ni PfHT1, inayoingiza sukari ndani ya kimelea, ambacho kikiwa katika damu hutegemea glukosi kwa nishati yake. Mwaka 2020 makundi mawili ya watafiti yalichapisha miundo yake. Asidi amino zinazoigusa glukosi zilikuwa karibu zilezile za GLUT3 ya binadamu, ndugu ya GLUT1, na mtu angetegemea ichague kama GLUT3. Haichagui hivyo: hubeba glukosi, na fruktosi pia. Tofauti ilikuwa katika malango, hasa nusu ya heliksi ya saba inayofunga upande wa nje, na mabadiliko yaliyofanywa mbali na shimo yaliuharibu usafirishaji sawa na yale yaliyofanywa ndani ya shimo lenyewe. Ni ushahidi mzuri kwa hatua ya pili ya Mwanafizikia, kwa kuwa shimo ni lilelile na mzigo ni mwingine.

Kwa mtu anayetafuta dawa, maana yake ni kwamba kuiga glukosi peke yake hakutoshi, kwa sababu molekuli hiyo itazishika GLUT zetu pia. Kizuizi kiitwacho C3361 kina kichwa cha glukosi na mkia mrefu wa kaboni. Kichwa huingia shimoni, na mkia huingia katika mfuko wa pembeni ambao PfHT1 inao, na ndiyo maana huizuia PfHT1 kuliko inavyoizuia GLUT1.